Nyumba ya Kitengela Ilivyonigharimu Pauni 12,200 Leicester

Kabla hujampigia dalali, kabla hujaenda kutazama nyumba hata moja, kaa chini ujiulize: kuna nyumba popote duniani yenye jina lako? Nimesema popote duniani. Kitengela, Ngong, Mtwapa, Kisii, Moshi. Ile uliyomjengea mama nayo imo. Ile mliyoachiwa na marehemu baba, wewe na ndugu zako watano, nayo imo. Kama jibu ni ndiyo, wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza hapa England, yule anayepunguziwa kodi ya kununua nyumba, hata kama hujawahi kumiliki tofali moja la Mwingereza.

Mimi nilijibu "ndiyo, ni mara yangu ya kwanza". Sikuwa na nia ya kudanganya. Wakili alinitumia fomu, nikaijaza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku. Je, hii ni nyumba yako ya kwanza? Nikaweka alama. Si ndiyo ya kwanza huku?

Turudi nyuma kidogo. Mimi na mume wangu tulitafuta nyumba ya kukarabati Leicester kwa miezi minane. Ya kukarabati, kwa sababu zile zilizokamilika zilitushinda bei, na kwa sababu baba yake alikuwa fundi na damu haipotei. Lakini usidhani nyumba mbovu haina wateja. Jumamosi moja tulikuta foleni mpaka kwenye lango la jirani, kila mtu na dakika kumi zake, na dalali akatangaza kwamba ofa za mwisho zifike Jumatatu saa sita mchana. Unaandika bei moja tu bila kujua mwenzako kaandika nini. Nyumba mbili tulikubaliwa ofa, tukashangilia, tukanyang'anywa na aliyeongeza. England ofa ikikubaliwa haimfungi mtu mpaka mbadilishane mikataba iliyotiwa sahihi, kwa hiyo usipige simu nyumbani kuchinja mbuzi.

Mengine ni ya kawaida. Lipia ukaguzi kamili wa jengo, ule wa daraja la 3, maana nyumba ya zamani ina unyevu ndani ya kuta. Uliza kama jiko na bafu vinafanya kazi, kwa sababu benki nyingi hazikopeshi nyumba isiyo navyo. Mnadani usiende bila pesa taslimu: nyundo ikigonga umeshanunua, na unalipa 10% siku hiyohiyo.

Nyingi ya nyumba hizi ni za mirathi, na hapo ndipo nilipowaelewa Waingereza kidogo. Unaingia, unakuta miwani ya marehemu juu ya meza, kalenda ya miaka mitatu iliyopita, zulia hadi chooni (sijui ni nani aliyewashauri kuweka zulia chooni). Mzee kaishi pale miaka hamsini, watoto wako Australia, wanauza kila kitu kwa barua pepe. Kwetu nyumba ya namna hiyo ingezua kesi ya miaka ishirini, shangazi akilalamika, shemeji akipanda migomba kwenye mpaka. Huku hakuna anayelia. Nikaona ni watu wa ajabu. Siku hizi sina uhakika ni nani wa ajabu.

Basi, tukapata. Nyumba ya safu, vyumba vitatu, jiko la kahawia lililopitwa na wakati, pauni 210,000. Tukabadilishana mikataba Jumanne, tukaweka amana ya pauni 21,000, funguo tukaahidiwa baada ya wiki tatu. Fundi wa paa nikampa neno.

Pesa za kumalizia zilipungua kidogo, nikatoa pauni 4,000 kutoka sacco nyumbani. Wakili hapa hafumbi macho pesa ikitoka nje. Akataka taarifa ya benki ya miezi sita. Nikatuma. Kesho yake akaniuliza kwa adabu zao zile, ambazo ukizizoea unajua kisu kinafuata: hizi pesa zinazoingia kila tarehe 5 ni za nini?

Zilikuwa kodi ya pango. Mama anaishi nyumba kubwa Kitengela, vyumba vya nyuma vina wapangaji, na kwa kuwa hati iko kwa jina langu, kodi inaingia kwangu. Hapo ndipo mambo yote yakafunguka.

Sasa sikiliza hesabu vizuri, kwa sababu mitego ni miwili na watu huichanganya.

Wa kwanza ni nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza. Ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, kwa kawaida tangu Aprili 2025 ni sifuri kwa pauni 125,000 za mwanzo, kisha 2% hadi 250,000. Kwa nyumba yangu hiyo ni pauni 1,700. Mnunuzi wa mara ya kwanza asiyevuka 300,000 halipi hata hizo. Lakini nafuu hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kumiliki makazi, kwa kununua, kujenga au kurithi, popote duniani. Ukinunua na mwenzako, nyote wawili muwe hivyo. Kuuza nyumba ya zamani hakukuoshi, maana swali ni kama umewahi.

Wa pili ndio ulioniuma. Siku ya kukabidhiwa funguo, kama ukichukua nyumba hii unakuwa na mbili, na ile nyingine, au fungu lako ndani yake, inafikia thamani ya pauni 40,000, unaongezewa 5%. Si 5% ya sehemu ya bei tu, ni 5% ya bei yote. Kwangu ilikuwa pauni 10,500. Jumlisha na zile 1,700: 12,200, zilipwe ndani ya siku 14. Nilikuwa nimepanga sifuri.

Pauni 40,000 kwa shilingi za Kenya ni kama milioni 7. Nenda kaulize bei ya nyumba ya vyumba vitatu Kitengela leo. Tena mume na mke mnahesabiwa kama mtu mmoja, kwa hiyo nyumba ya mume ni nyumba yako hata kama hati hujawahi kuiona. Ploti tupu haihesabiki. Ile ya mume wangu Rongai, iliyo na nyasi na bango la "haiuzwi", haikutudhuru.

Nikajaribu kila mlango. Nimhamishie mama nyumba kabla ya siku ya funguo? Mnajua Ardhi nyinyi. Cheti cha kodi ya kaunti, mthamini, idhini, foleni, na wiki mbili zimebaki. Halafu kaka zangu wangeuliza kwa nini mama na si wao. Kujiondoa? Ningeacha pauni 21,000 mezani. Kuuza Kitengela baadaye ili nirudishiwe? Hurudishwa kwa anayebadilisha nyumba aliyokuwa akiishi mwenyewe, akauza ndani ya miaka mitatu. Mimi sijawahi kulala Kitengela zaidi ya Krismasi.

Jamaa mmoja kwenye kundi la WhatsApp akaniambia nyumba mbovu haihesabiki kuwa makazi, kuna mawakala wanaokudaia urudishiwe kodi hiyo, nao wachukue asilimia yao. Usiwape hata jina lako. Mahakama ya Rufaa ilishaamua mwaka 2025 kwamba nyumba inayohitaji matengenezo bado ni nyumba. Ukidai kwa uongo, deni linarudi na faini, na wakala kashakula chake.

Binamu yangu naye, namheshimu, akasema, "Dada, nyamaza tu. Watajuaje ya Kitengela?" Binamu, fomu ina sahihi yangu. Watu wa kodi wakitambua nilificha kwa makusudi wanaweza kurudi nyuma miaka 20. Nina leseni ya uuguzi, sitaki kuipoteza kwa ajili ya paa. Na mjomba aliyeandika "sasa una nyumba mbili, tukumbuke", mjomba, nakukumbuka, lakini nyumba mbili ndizo zilizonifilisi.

Kwa hiyo: mwambie wakili siku ya kwanza, kabla ya ofa, kwa maandishi. Kama pesa za ujenzi zilikuwa za mama na wewe ni jina tu kwenye hati, sema mapema, karatasi zitafutwe, huenda ukasalimika. Kama hati bado ni ya baba, usikimbilie kuihamisha kwako ili uonekane umefika. Kama unataka kumhamishia mzazi, anza mwaka mzima kabla. Na usihesabu kwa kikokotoo cha mtandaoni ukibonyeza "mara ya kwanza" kama nilivyofanya mimi. Scotland na Wales wana kodi zao na viwango vyao, uliza huko.

Kitu kimoja kilituokoa kidogo. Nyumba ilikuwa tupu zaidi ya miaka miwili, na kwa nyumba ya namna hiyo mkandarasi hutoza VAT ya 5% badala ya 20%. Halmashauri ya jiji ikatupa barua ya kuthibitisha. Vifaa ukinunua mwenyewe dukani unalipa 20%, kwa hiyo acha mkandarasi anunue.

Paa limekwisha. Mama kila Jumapili ananiomba picha ya jiko jipya, nami kila Jumapili ninampigia picha ya paa. Jiko bado ni la marehemu.