Kujipima HPV kwa kijiti: hatua iliyonitoa jasho

Shangazi yangu ana miaka 46, na tangu azae kitinda mimba wake hajapanda tena kitanda cha uchunguzi. Kila nikimgusia kipimo cha mlango wa kizazi, jibu lake ni moja: "Kile chuma, mwanangu, mimi sikiwezi." Chuma anachokisema ni spekulamu, kifaa cha kupanulia uke wakati wa uchunguzi. Mwezi uliopita nikampa kijiti cha kujichukulia mwenyewe sampuli ukeni ya kupima HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi; akaingia nacho chooni, dakika tatu akatoka. "Ndiyo kwisha?" Ndiyo kwisha, shangazi.

Lakini mpaka nijue kumwelekeza mtu akafanikiwa kwa dakika tatu, nimeshaharibu sampuli za watu. Wauguzi wenzangu na wahudumu wa afya wa jamii mnaoanza kazi hii, someni msije mkarudia niliyoyafanya.

1. Nani apewe kijiti

Miaka 30 na kuendelea. Anayeishi na VVU, kuanzia 25. Ndivyo ulivyosema mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021. Asiye na VVU akitoka hasi hurudia baada ya miaka 5 hadi 10, mwenye VVU baada ya 3 hadi 5. Aliye kwenye hedhi amalize kwanza. Mjamzito tunamngoja ajifungue. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu, usimpe kijiti kabisa: huyo apelekwe akaangaliwe na daktari, na iwe leo.

2. Kijiti gani

Chenye manyoya mafupi ya nailoni kichwani. Pamba ya kusafishia masikio, hapana, hata kama boksi limeisha na foleni ni ndefu. Ipo pia brashi ya Evalyn, yenye mabawa ya kuzuia isipitilize na inayolia "tik" kila ukiizungusha mara moja. Ni nzuri, lakini ukishamfundisha mama vizuri, kijiti cha kawaida kinatosha.

Wengine huniuliza, kwa nini isiwe mkojo tu? Mkojo unawezekana, ila ni ule wa mwanzo kabisa, maana ndio unaoondoka na seli zilizokaa njiani. Huu wa katikati tuliozoea kuuomba kwa ajili ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, haufai. Kwa sasa mimi nabaki na kijiti.

3. Andika jina kwenye kichupa kabla hajaingia chooni

Kabla, si baada.

4. Maelekezo

Hapa ndipo palipo na kazi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimkabidhi mama mmoja kijiti pamoja na kichupa cha dawa ya kuhifadhia sampuli, nikamwambia, "Utachovya humu, kisha ufunge." Naye akachovya, halafu ndipo akajiingiza. Dawa ile ina methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Alitoka chooni analia, kanga kaishika mkononi. Tulimsafisha kwa maji mengi, daktari akamwona, nikakaa naye hadi mchana. Kosa lilikuwa langu, yeye alitii nilichomwambia. Tangu siku hiyo mama anaondoka na kijiti kikavu ndani ya mrija mkavu. Dawa inabaki mezani kwangu, na kuchovya nachovya mwenyewe. Ukipeleka vijiti majumbani ndiyo zaidi: usiache methanoli kwenye nyumba yenye watoto.

La pili ni urefu. Usimwambie mama "ingiza mpaka ndani". Kuna wanaoishia mlangoni, na kuna wanaosukuma mpaka waumie. Mimi nakishika kijiti chenyewe mbele yake, vidole viwili kwenye alama, kama sentimeta 5 kutoka kichwani, namwambia: "Vidole vyako vikigusa mwili, hapo simama." Halafu namwachia naye ashike nione. Nyingi ya alama hizo ni rangi tu, kwenye choo chenye giza haionekani, kwa hiyo vidole vyake ndio alama.

Si lazima kifike kwenye mlango wa kizazi. Seli zinazopukutika huko hushuka ukeni, na kipimo hiki kinatafuta DNA ya kirusi, hakiangalii umbo la seli. Ndiyo maana sampuli aliyoichukua mwenyewe, ikipimwa kwa PCR, njia ya maabara inayozidisha DNA ili ionekane, inakaribia kabisa ile inayochukuliwa na mtaalamu. Wengi pia wanaogopa kwamba kijiti kitapotelea tumboni. Mwambie uke una mwisho, hakina pa kwenda.

Kisha azungushe polepole huku anahesabu mpaka ishirini. Asichomoe na kurudisha, azungushe tu. Achuchumae, au aweke mguu mmoja juu ya ndoo iliyofunikwa, kanga aikusanye na kuifunga kiunoni ili mikono yote miwili iwe huru. Asijisafishe ndani kwa sabuni asubuhi hiyo. Na kikianguka sakafuni, arudi kuchukua kingine, bila aibu. Nimewahi kuletewa kijiti kilichosuuzwa bombani vizuri sana. Jibu lilikuwa batili, na mama wa watu akalipa nauli mara mbili.

5. Maabara

Mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, inatoa jibu kwa takriban saa moja. Unapokitia kijiti kwenye dawa, kikoroge na kukikamulia ukutani mwa kichupa. Katriji, kile kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine, hukagua pia kama kuna seli za binadamu. Zikiwa chache inaandika batili. Batili si hasi. Rudia sampuli.

6. Majibu

Chanya maana yake kirusi kipo, si kwamba ana saratani. Maambukizi mengi mwili huyaondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Tunayoyaogopa ni yanayoganda, hasa aina ya 16 na 18, ambazo zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Mwenye chanya anaangaliwa mlango wa kizazi, na penye mabadiliko panatibiwa, mara nyingi kwa kifaa cha joto, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hapo spekulamu haikwepeki, na mwambie mapema, usimfiche.

Swali linalofuata huwa ni kuhusu mume: ndiye aliyeniletea? Jibu langu: kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka mingi, kipimo hakisemi kimetoka kwa nani wala lini.

Na kwa kuwa jibu ni siri yake, kabla hajaondoka muulize simu ipi nipige, na nani mwingine huwa anaipokea. Shangazi alinipa namba ya binti yake na tukakubaliana neno. Nilipopiga nikamwambia binti, "Mwambie mama ule mchele umefika, ni mzuri." Ilikuwa hasi. Ingekuwa chanya ningesema mchele una chuya, aje tuupepete pamoja.