Somo: Kupima maji ya Momella pamoja na mwamba yanakotoka na heroe wanaoyategemea

Ndugu wanachama, walimu wa sekondari, wanafunzi wa vyuo na waongoza wageni wamekuwa wakiniomba mwongozo wa utafiti mdogo unaoweza kufanywa kwa siku mbili bila maabara kubwa. Nimechagua maziwa ya Momella, yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa sababu ni maziwa saba yanayopakana, yenye mlima mmoja juu yake, na bado maji yake hayafanani. Momella Kubwa, Momella Ndogo, Tulusia, Rishateni, Lekandiro, Kusare na El Kekhotoito yako karibu sana, lakini mtu anayesimama juu ya kilima huona rangi tofauti za maji kwa macho yake mwenyewe. Anayetaka kuelewa tofauti hiyo hawezi kupima maji peke yake. Ni lazima siku ileile, katika vituo vilevile, aandike habari za mwamba, za maji na za ndege katika daftari moja, na kosa ninaloliona mara nyingi katika ripoti za wanafunzi ni kwamba mambo haya matatu huandikwa na watu watatu ambao hawakuzungumza.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Hifadhini hakuna utafiti bila kibali. Kwa Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) ndiyo wenye hifadhi. Anzeni mapema, miezi kadhaa kabla ya safari, na mwombe askari wa kuwasindikiza, kwa kuwa nyati hulala vichakani kando ya maziwa haya na Momella Ndogo ina viboko.

Hatua ya pili: someni mlima kabla ya kulowesha kifaa chochote

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,560, na upande wake wa mashariki haupo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, na tope, mawe na majivu yake yakasambaa hadi mbali, yakaacha vilima vidogo vidogo na mabonde kati yake. Mabonde hayo yalipojaa maji yakawa maziwa ya Momella. Kwa hiyo mnaposimama ukingoni mwa ziwa, mnasimama juu ya vipande vya mlima wenyewe, na maji mengi yanayoingia ziwani hupita chini kwa chini katika vipande hivyo. Meru bado ni volkano hai, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910.

Aina ya mwamba ndiyo inayoamua ladha ya maji. Lava na majivu ya Meru yana sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya humo hutoka yakiwa na sodiamu na bikabonati kwa wingi, huku kalsiamu ikiwa kidogo, na hapo ndipo siri ya floraidi ilipo: kalsiamu ikiwapo ya kutosha hushikana na floraidi na kutuama kama madini magumu, lakini isipokuwapo, floraidi hubaki imeyeyuka ikisafiri na maji. Baada ya hapo jua hufanya kazi yake. Ziwa lisilo na njia ya kutolea maji hupoteza maji kwa mvuke tu, chumvi ikabaki, na kila kiangazi kikipita huongezeka ukali. Utafiti wa jiokemia uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu eneo hili la kaskazini mwa Tanzania ulipata miligramu 12 hadi 26 za floraidi kwa lita katika mito, 15 hadi 63 katika chemchemi, na 60 hadi 690 katika mabwawa na maziwa ya magadi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5. Wenyeji wa miteremko hii hawahitaji takwimu hizo ili kuamini, kwa sababu wanayaona madoa kwenye meno ya watoto wao.

Katika kila kituo andikeni rangi ya mwamba, ukubwa wa chembe, na kama kuna ukoko mweupe juu ya udongo. Tone la siki juu ya ukoko huo likitoa mapovu, mjue kuna kabonati. Msiondoke na jiwe lolote ambalo halikuandikwa katika kibali.

Hatua ya tatu: chagueni vituo kwa swali, si kwa barabara

Ni rahisi kupima pale gari linapofika, na ndiyo maana data nyingi za wanafunzi ni data za maegesho. Chagueni angalau vituo vinne: maji yanayoingia, yaani chemchemi au kijito, ukingo wa ziwa upande wa maji hayo, ukingo wa upande wa pili, na ziwa jirani la kulinganisha, kwa mfano Kusare, ambalo maji yake si makali kama ya Momella Kubwa. Mkiweza, ongezeni mto mmoja nje ya maziwa, kama Maji ya Chai au Ngare Nanyuki, ili muone maji yalivyo kabla jua halijayakoleza.

Hatua ya nne: hesabuni ndege kwanza

Walimu wengi huweka ndege mwishoni, wakati heroe wameshasogea mbali kwa sababu ya watu wenye ndoo. Fikeni asubuhi na mapema, mkae mbali, na hesabu ifanywe kwa darubini kabla mtu yeyote hajakaribia maji. Watenganisheni heroe wadogo na heroe wakubwa. Heroe mdogo ana mdomo wa wekundu uliokolea unaoonekana karibu mweusi kwa mbali, na heroe mkubwa ni mrefu zaidi, mweupe zaidi, mwenye mdomo wa waridi ulio mweusi nchani tu. Tofauti hii si ya urembo. Heroe mdogo huchuja mwani mdogo wa kijani-buluu, hasa aina iitwayo Arthrospira, karibu na uso wa maji, na heroe mkubwa hutafuta wadudu na viumbe vidogo vya matopeni. Kwa hiyo uwiano wa aina hizi mbili ni kipimo cha chakula kilichomo ziwani.

Kundi likiwa kubwa, hesabuni ndege 50 mmoja mmoja, mkariri kwa macho yenu nafasi wanayoijaza, kisha mrudie nafasi hiyo kundi zima. Wahesabuji wawe wawili, kila mmoja aandike namba yake bila kumwambia mwenzake, na namba zote mbili zibaki daftarini hata zikitofautiana sana. Mimi huiamini ripoti yenye namba mbili zinazogombana kuliko ile yenye wastani mmoja mzuri.

Hatua ya tano: vipimo vya papo hapo

Pimeni joto, pH (kipimo cha uchachu au ukali wa maji), upitishaji wa umeme na oksijeni palepale, kwa sababu vyote hubadilika maji yakiwa ndani ya chupa. Kifaa cha pH kirekebishwe kwa vimiminika vya 7 na 10. Wanafunzi wengi hutumia vya 4 na 7 kwa kuwa ndivyo vilivyomo kabatini, kisha wanapima ziwa lenye pH ya karibu 10, mahali ambapo kifaa chao hakikufundishwa chochote.

Saa ya kipimo iandikwe daima. Maji ya magadi yana kabonati nyingi kiasi kwamba pH yake haiyumbi sana kati ya asubuhi na jioni, lakini oksijeni huyumba mno: alasiri mwani wa kijani hujaza maji oksijeni, na kabla ya mapambazuko huenda ikakaribia kwisha. Kipimo cha oksijeni kisicho na saa hakina maana yoyote.

Shusheni pia sahani ya kupimia uwazi wa maji, ile ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na robo nyeupe, na mwandike kina inapotoweka. Kama mwani wa kijani umejaa majini, sahani hupotea ndani ya sentimita chache tu.

Hatua ya sita: sampuli za maabara

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi nyingi nzuri huharibikia kwenye chupa. Tumieni chupa za plastiki, msitumie kioo kwa sampuli ya floraidi. Kila kituo kiwe na chupa mbili. Ya kwanza ijazwe hadi pomoni bila hewa, isitiwe tindikali, iwekwe kwenye baridi. Hiyo ni ya floraidi, kloraidi, salfeti na ukali wa kabonati, na ukali huo upimwe ndani ya siku moja. Ya pili ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45 na kutiwa tindikali ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Hiyo ni ya sodiamu, kalsiamu, potasiamu na metali nyingine. Angalizo ambalo halimo katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mito: maji ya magadi hufoka yakitiwa tindikali, kwa kuwa kabonati hugeuka gesi. Tieni tone kwa tone, chupa ikiwa wazi na haijajaa, macho yakiwa na miwani ya kinga, na msifunge kifuniko mpaka mapovu yaishe.

Majibu yakirudi, jumlisheni chaji za chanya na za hasi. Tofauti ikizidi asilimia 5 au hivi, kuna kilichokosewa, na jambo la uungwana ni kurudia kipimo kabla ya kuandika hitimisho.

Hatua ya saba: mwani wa kijani

Chukueni chupa ndogo ya maji ya juu, muongeze matone ya iodini ya Lugol (dawa ya kuhifadhi sampuli), mkaangalie kwa hadubini. Arthrospira inaonekana kama springi ya kalamu iliyovutwa. Andikeni kama ndiyo imetawala au kama zipo aina nyingine, kwa sababu baadhi ya aina za kijani-buluu hutengeneza sumu. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika maziwa ya Manyara na Momella Kubwa, na watafiti waliochunguza maji walishuku sumu ya namna hiyo.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto wawili, Usa River: Shikamoo mwalimu. Sisi tunachemsha maji ya kisima kila siku. Je, floraidi huondoka? Na magadi ninayotia kwenye maharage?

Marahaba, mama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani floraidi hubaki, hivyo huongezeka kwa kila lita. Inayosaidia ni mkaa wa mifupa uliochomwa kwa utaratibu, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe na maji yapimwe tena. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi kwa watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka kama 8. Kuhusu magadi, una haki ya kuuliza: magadi ya maziwa haya huweza kuwa na floraidi nyingi sana, na tafiti za Tanzania zimeyahusisha na madoa ya meno hata mahali ambapo maji yenyewe si mabaya. Loweka maharage usiku kucha na uache magadi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu: Kifaa changu cha upitishaji wa umeme kinaonyesha mstari tu badala ya namba. Je, kimeharibika?

Hakijaharibika, maji yamezidi uwezo wake. Changanya sehemu moja ya maji ya ziwa na sehemu tisa za maji yaliyokenekwa, pima, kisha zidisha kwa kumi. Andika wazi kwamba ulizimua, kwa kuwa namba utakayopata itazidi kidogo ile halisi: chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi ikiwa imetawanyika. Vivyo hivyo kwa elektrodi ya floraidi, zimua kwanza, kisha baada ya kutia kimiminika chake cha kusawazisha pH hakikisha pH imeshuka hadi kati ya 5 na 6, maana maji haya yana nguvu ya kukishinda kimiminika hicho. Na kwenye pH, ujue kwamba elektrodi ya kioo hudanganywa na sodiamu nyingi na kusoma chini ya kiwango cha kweli.

Mwalimu wa jiografia, Nakuru: Huku kwetu heroe walipungua ziwa lilipojaa. Je, hatua hizi zinaweza kueleza sababu?

Zinaweza kueleza sehemu kubwa. Tangu karibu mwaka 2010 Ziwa Nakuru limepanda, magadi yakazimuka, na Arthrospira haistawi katika maji yaliyozimuka kama inavyostawi katika makali. Heroe wakahamia maziwa mengine, Ziwa Bogoria likiwa mojawapo. Lakini wafundishe vijana wako kwamba mkono wa binadamu nao umo katika ziwa hilo. Samaki wadogo waliletwa kutoka Ziwa Magadi karibu na mwaka 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, na baada yao wakaja wari kwa maelfu. Anayehesabu ndege wa Nakuru bila kujua habari hiyo atayapa maji sifa isiyo yao.

Mwongoza wageni, Arusha: Wazee wanasema heroe hukimbia magari. Wengine wanasema ni maji. Nani mkweli?

Heroe hukimbia magari, nimewaona, lakini akikimbia gari hurudi ziwani humo baada ya muda. Chakula kikiisha huondoka usiku, na asubuhi ziwa huwa tupu. Hesabu siku tatu mfululizo saa ileile, huku mwenzako akiandika idadi ya magari na wewe ukiandika kina cha sahani ya uwazi. Ukiwaona wamepungua siku ambayo magari hayakuja na maji yamekuwa meupe, utakuwa na la kuwaambia wazee. Usitumie kamera ya kurushwa angani kwa kazi hiyo. Inahitaji kibali chake, na kundi zima linaweza kuruka kabla hujapata picha moja.

Mwanafunzi wa uzamili: Kwa nini tusiende moja kwa moja Natron, ambako ndiko wanakozaliana?

Kwa sababu Natron ndilo ziwa pekee Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa uhakika, na viota vyao vya tope huwa juu ya ukoko wa magadi ambao mtu akiukanyaga anaweza kuzama na kuungua ngozi. Leslie Brown, aliyewafuatilia huko miaka ya 1950, aliunguzwa miguu vibaya na magadi hayo. Zaidi ya hapo, kundi likishtuliwa wakati wa mayai linaweza kuviacha viota vyote, na kila jozi huwa na yai moja tu. Jifunze Momella, ambako kosa lako litagharimu sampuli moja. Natron nenda baadaye, ukiwa na wenye uzoefu, na nje ya msimu wa kuatamia.