Namna ya kuitembelea Serengeti kwa siku moja ukitokea Mwanza

Msafiri atokaye Mwanza ana nafasi ambayo mwenzake wa Arusha hana: lango la Ndabaka liko pembeni mwa barabara kuu ya Musoma, mbele kidogo ya Lamadi, mwendo wa saa mbili hivi, na ukilivuka tu umekwisha kuingia ukanda wa magharibi wa Serengeti. Kosa la wengi ni kuufanya ukanda huo kuwa njia ya kukimbilia Seronera, katikati ya hifadhi. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, na mwendo ndani yake hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Anayetaka kufika Seronera na kurudi siku hiyohiyo ataona zaidi vumbi kuliko wanyama. Mwisho wako uwe Kirawira, humohumo ukandani, kwenye mto Grumeti.

Ondoka mjini saa kumi alfajiri ili ufike lango linapofunguliwa. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni, na ukamilishe taratibu za malipo mapema, maana fedha taslimu hazitakusaidia langoni.

Kuhusu msimu, makundi makubwa ya nyumbu hupita ukanda huu takriban Mei na Juni, yakitoka nyanda za kusini kuelekea mto Mara, ingawa mvua ikichelewa nayo huchelewa. Ukiyakosa usisikitike sana, kwani wapo nyumbu wasiohama, pamoja na nyamera, punda milia, twiga na swala pala.

Jambo linalostahili tahadhari kuliko yote ni udongo. Kwetu Usukumani neno mbuga hutaja kwanza udongo mweusi wa mabondeni, na uwanda wa Ndabaka ni mbuga kwa maana zote mbili. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa hujaza mistari ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama chungu kilichopakwa mafuta. Niliwahi kuingia humo Aprili na gari dogo la kukodi, kwa ubishi wangu mwenyewe, nikashinda nikiegemea mlango hadi tulipovutwa. Wakati wa masika chukua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, wala usiache barabara iliyoinuliwa.

Ukifika mto Grumeti, zima injini usubiri, tena si kwa dakika mbili. Kiangazi mto hukatika ukabaki madimbwi, na viboko hubanana humo migongo ikigusana. Gogo lililolala ukingoni likiwa na tope kavu upande mmoja tu litazame mara ya pili: huenda ni mamba, naye anaweza kukaa miezi bila mlo mkubwa akingoja nyumbu. Kisha inua darubini kwenye miti ya kando ya mto, utafute mikia mirefu myeupe inayoning'inia kama mashada. Hao ni mbega, ambao humu hifadhini hutawaona nje ya misitu ya mtoni.

Mbung'o wapo kwenye vichaka. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, hivyo vaa kaki, na ufunge vioo gari linapopita penye miti.

Geuza gari saa tisa alasiri ili uwe umetoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa kuwa unarudi magharibi, jua litakuwa usoni mwako njia nzima. Futa kioo cha mbele kabla hujaondoka Kirawira, kwani vumbi likipigwa na mwanga huo hutaona swala akikatiza.