Kuonja Bia Kali, Nyeusi na Chachu ya Krismasi

Ubelgiji huwa na bia kali za msimu wa Krismasi, lakini nikitaka iliyo nyeusi na chachu kwa pamoja huchagua Goudenband, bia ya kiwanda cha Liefmans, inayotoka Oudenaarde katika jimbo la Flanders, ambayo ina kileo cha asilimia 8 na hunywewa wakati wowote wa mwaka.

Isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, kisha itoe kwenye friji mapema, kwa kuwa bia hii ikiwa baridi kupita kiasi hubakiza ukali wa uchachu tu na kuficha mengine yote. Nyuzijoto 10 hadi 12 zinatosha. Mimina polepole, huku bilauri yenye tumbo pana ukiiinamisha, na uache kidole kimoja cha mashapo ndani ya chupa.

Nusa kabla ya kunywa. Utakutana na zabibu kavu, sukari iliyoungua na, kwa mbali, siki. Usiihukumu kwa funda la kwanza, maana ulimi hushtuka. La pili lizungushe mdomoni, usikie utamu ukitangulia, kisha uchachu unaofanana na ukwaju ukikaza pembeni mwa ulimi. Uchachu huo hutokana na bakteria walio jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, wakifanya kazi pamoja na hamira. Siki ikiwa kali kiasi cha kuchoma koo, chupa imeharibika.

Jibini iliyokomaa huifaa, na zaidi nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa bia hiyo hiyo.