Jinsi ya kufufua programu za DOS kwa DOSBox

Kama una mafaili ya zamani ya WordPerfect 5.1, ile programu ya kuandikia ya 1989, usiyatupe jamani, bado yanafunguka. Unachohitaji ni DOSBox, emuleta inayoigiza kompyuta ya enzi za DOS (mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri) mpaka prosesa na kadi ya sauti.

Kwenye Ubuntu (aina ya Linux) ukiandika sudo apt install dosbox kwenye terminal imeisha, ila mi napenda kuijenga mwenyewe maana ndo unaielewa: kwanza weka build-essential (vifaa vya kujengea programu) na libsdl1.2-dev (maktaba ya SDL ya picha na sauti), bila hiyo SDL DOSBox haijengeki, halafu shusha msimbo wa DOSBox toleo la 0.74-3, ufungue kwa tar xzf, ingia kwenye foda yake piga ./configure, make, kisha sudo make install.

Ikiwaka inakuja skrini nyeusi yenye Z:\> usiogope. Andika mount c ~/dos (hiyo ndo foda ulikoweka programu), enta, halafu c: enta, halafu jina la programu, mfano wp. Ikikimbia mno bonyeza Ctrl+F11, ikijikokota Ctrl+F12. Maus ikinaswa, Ctrl+F10 inaiachia.

Na hiyo foda itolee kopi kwanza, tafadhali sana, maana programu ikifuta kitu humo imefuta faili lako halisi.