Jinsi ya kuchangia polisi wa chuo kikuu Marekani na hela ikafika kweli

Vyuo vingi vikubwa Marekani vina polisi wao wenyewe, sio walinzi wa getini, ni maaskari walioapishwa wenye mamlaka ya kukamata. Mishahara na magari chuo kinalipa, ila vitu vidogo vidogo vinavyookoa maisha ndo huwa vinasubiri bajeti ya mwakani, na hapo ndo mchango wako una maana. Hii ya michango ndo kazi yangu kwa hiyo nifuate taratibu.

Hatua ya 1: jua wanachohitaji. Usianze na hela. Sheria ya Clery iliyopitishwa 1990 inakilazimisha karibu kila chuo kutoa ripoti ya usalama kila mwaka ifikapo Oktoba 1, inawekwa mtandaoni na ina takwimu za uhalifu za miaka 3, isome. Jina limetoka kwa Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa bwenini kwake chuo kikuu cha Lehigh mwaka 1986, wazazi wake ndo waliopigania hii sheria na mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Ukishasoma mwandikie mkuu wa polisi wa chuo, muulize swali moja tu, kitu gani mwaka huu kimekosa fungu? Utasikia mafunzo ya kuzungumza na mwanafunzi anayetaka kujidhuru, baiskeli za doria, naloxone, dawa ya kupuliza puani kwa aliyezidisha opioidi (dawa kali za maumivu, au heroini), matibabu ya mbwa wa polisi.

Mashine ya kushtua moyo ndo watu wanaipenda zaidi, na ni kitu kizuri kweli, lakini zile pedi za kubandika kifuani zina tarehe ya kuisha na betri nayo inaisha, sasa ukinunua mashine bila kutenga hela ya pedi unakuta miaka inapita iko kwenye gari la doria, mtu anaanguka uwanjani, inafunguliwa na pedi hazishiki. Tenga hela ya pedi, tafadhali.

Hatua ya 2: pita mlango sahihi. Usimpe askari hela mkononi wala usiandike cheki kwa jina lake. Pitia faundesheni ya chuo, yaani taasisi inayopokea michango ya chuo, ambayo kwa kawaida imesajiliwa kama 501(c)(3), shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato, unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Uliza kama kuna mfuko wa idara ya polisi, halafu kwenye fomu andika wazi hela ni ya idara hiyo na ya kazi gani, maana ukiacha wazi itaingia mfuko wa jumla na polisi hawaioni. Ila usibane kupita kiasi, ongeza sentensi moja kwamba hitaji likiisha hela itumike kwa hitaji lingine la idara hiyohiyo, vinginevyo mbwa akistaafu hela inakwama.

Ukipigiwa simu na mtu anachangisha "kwa ajili ya polisi", kata, kisha tafuta namba ya faundesheni mwenyewe upige. Matapeli wa aina hii wapo wengi.

Hatua ya 3: makaratasi. Mchango wa dola 250 na kuendelea unahitaji barua ya kuthibitisha ili udai punguzo la kodi, na ukitoa vitu ambavyo punguzo lake linazidi dola 500 kuna fomu 8283 ya IRS ya kujaza. Muulize na mwajiri wako, baadhi wanaongeza kiasi kilekile ulichotoa. Vifaa usinunue kabla ya kuuliza, mfano fulana ya kuzuia risasi inapimwa kwa mwili wa askari mwenyewe.

Na usitegemee upendeleo wowote, hata kufutiwa faini ya paking. Wanafunzi wakihisi wachangiaji wanabebwa wataacha kuwaamini polisi wao.

Hatua ya 4: fuatilia. Baada ya miezi kadhaa iulize faundesheni hela imefanya nini. Ukiambiwa bado imelala, mtafute mkuu wa polisi moja kwa moja, inawezekana kabisa idara haijaambiwa kwamba imeingia.