Janga likianza: jinsi ya kuigeuza hofu iwe swali lenye jibu

Mwanzoni mwa 2020, Korona ilipokuwa ikiingia nchi moja baada ya nyingine, nilikuwa muuguzi wa zamu kwenye simu za ushauri wa afya. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza, kuuliza, kuandika, kisha kuamua: huyu abaki nyumbani tumfuatilie, huyu aende hospitali sasa hivi. Wengi waliopiga hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na hofu, na ukiwauliza wanaogopa nini hasa, walinyamaza kwanza. "Sista, mimi naogopa tu." Lakini aliyeweza kusema "juzi nilikaa na mtu anayekohoa, na naishi na mama mwenye kisukari", huyo tuliongea dakika chache akakata simu akijua la kufanya. Alikuwa ameshalipata swali lake.

Ndiyo maana naandika. Magonjwa mapya hayajaacha kuzuka, na mlipuko mwingine ukija, wiki zake za mwanzo zitafanana na zile: chanjo hakuna, taarifa ni nusunusu, kila mtu ana lake la kusema, na wewe una watu wanaokutegemea.

Anza na karatasi

Kaa chini uandike kila kinachokunyima usingizi, kila kimoja mstari wake. Usichuje wala usione haya. Ukimaliza, rudi juu uupitie mstari mmoja mmoja: hili naweza kulifanyia kitu leo? Kama ndiyo, andika pembeni hicho kitu chenyewe, na kianze na kitendo: kupiga, kuhesabu, kuuliza, kusogeza kitanda. "Mama ana kisukari" bado ni hofu. "Kuhesabu vidonge vya mama vilivyobaki, kisha kupiga simu kliniki kuuliza kama atapewa vya miezi miwili" hilo ni jambo unaloweza kulimaliza kabla ya jioni.

Yale usiyoweza kuyafanyia kitu leo, kama vile mipaka kufungwa, uchumi, au lini yataisha, yawekee alama uyaache hapohapo kwenye karatasi. Hayajafutika. Kesho utayapitia tena, na huenda mojawapo likawa limepata la kufanya.

Ushauri utabadilika, ujue mapema

Taarifa za homa ya mapafu isiyojulikana chanzo zilitoka Wuhan, China, tarehe 31 Desemba 2019. Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, na tarehe 11 Machi likaiita janga la dunia. Ndani ya miezi hiyo michache wataalamu walikuwa wanajifunza na kushauri kwa wakati mmoja. Barakoa ndizo zilizowaudhi watu kuliko kitu chochote. Kwanza tuliambiwa mtu asiye na dalili hana haja nazo. Mwezi Juni 2020 Shirika hilohilo likashauri zivaliwe hadharani palipo na maambukizi mengi na watu hawawezi kuachiana nafasi. Niliyapokea masikioni mwangu: "Mlitudanganya!"

Hasira ile niliielewa. Lakini katikati ya ushauri ule wa kwanza na wa pili, ushahidi kwamba asiye na dalili anaweza kuambukiza ulikuwa umeongezeka sana. Tena barakoa zenyewe zilikuwa hazitoshi hata hospitalini: mwezi Machi 2020 Shirika lilikadiria kwamba wahudumu wa afya duniani wangehitaji barakoa za kitabibu milioni 89 kila mwezi. Kwa hiyo kila ushauri unaoufuata uandikie tarehe. Ukibadilika, uliza kilichojulikana sasa ambacho hakikujulikana siku ile. Chagua vyanzo viwili, wizara ya afya ya nchi yako na Shirika la Afya Duniani, uvisome kwa saa uliyoipanga mchana. Ukiwa umeshapanda kitandani, basi.

Na namba za vifo zisome taratibu. Wanaopimwa mwanzoni ni wale waliozidiwa hadi wakafika hospitali. Waliougua kidogo wakapona nyumbani hawamo kwenye hesabu, hivyo asilimia ya wanaokufa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Ilitokea kwa homa ya mafua ya nguruwe (H1N1) mwaka 2009, taarifa za kwanza kutoka Mexico zilipotisha kuliko ilivyokuja kuthibitika baadaye. Ila usije ukazipuuza kwa upande wa pili. Idadi ya wagonjwa unayoisikia leo ni ya walioambukizwa siku kadhaa zilizopita, maana mtu huambukizwa, hukaa, huugua, ndipo hupimwa. Kwa Korona ya mwanzo, kukaa huko kulikuwa wastani wa siku 5 au 6, na kuliweza kufika 14. Ukisikia "kwetu wapo watatu tu", jua ni watatu wa wiki iliyopita.

Ujumbe kutoka kwa mtu unayempenda

Uvumi hauletwi na adui. Huletwa na shangazi, na mjomba, na rafiki wa shule, tena kwa mapenzi. Ujumbe uliosumbua simu zetu mwezi Machi 2020 ulisema: bana pumzi kwa sekunde 10, usipokohoa huna Korona. Watu walipiga wakishangilia kwamba wamefaulu, wengine wakilia kwamba wameshindwa. Kijana aliyeambukizwa anaweza kubana pumzi bila shida na bado akamwambukiza bibi yake; mzee mwenye pumu hawezi, na huenda hana maambukizi kabisa. Kipimo kile kilimpa ruhusa mtu asiyestahili na kumtia hofu asiyestahili.

Mengine yaliua. Nchini Iran mamia walikufa mwaka 2020 kwa kunywa methanoli, aina ya kileo chenye sumu, baadhi wakiamini pombe inaondoa virusi mwilini. Uingereza minara ya simu ilichomwa moto kwa madai kwamba mawimbi ya 5G ndiyo yanayoleta ugonjwa.

Kabla hujausambaza ujumbe, uulize: nani amesema, lini, na ananitaka nifanye nini? Zile za uongo nilizosomewa zilikuwa na sura moja, daktari asiye na jina, hospitali isiyotajwa, na amri ya kutuma kwa wote upesi. Ukitaka kumrekebisha mkubwa wako, usimuumbue mbele ya kundi la familia. Mpigie. Mwambie, "Shangazi, ahsante kwa kutukumbuka. Ile ya kubana pumzi nimeulizia, wataalamu wanasema haipimi ugonjwa. Naomba tuwaambie na wengine." Ukimwachia yeye ndiye atangaze marekebisho, ataona ameheshimiwa, na kundi litamsikiliza kuliko wewe.

Kifua kinabana saa nane za usiku

Hapa sitaki kwenda haraka, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea kote kuwili: wapo wanaokimbilia hospitali iliyojaa wagonjwa kwa sababu ya hofu, na wapo wanaobaki nyumbani hadi wanazidiwa.

Hofu yenyewe inabana kifua. Inaupeleka moyo mbio, inatia ganzi midomoni, vidole vinachomachoma kama sindano, mtu anaamini anakata roho. Kijana mmoja alinipigia usiku katika hali hiyo. Badala ya kumwambia atulie, nilimwomba anisimulie siku yake tangu alipoamka. Akasimulia kwa sentensi ndefu, hakukatika katikati hata moja. Homa hana, kikohozi hana, na tangu jioni alikuwa kwenye simu akisoma habari za vifo. Tukapumua pamoja: ndani kwa pua nikihesabu hadi nne, nje polepole nikihesabu hadi sita. Tulirudia mpaka vidole vikaacha kuchoma. Hofu ya namna hiyo hupanda ghafla na kwa kawaida hushuka baada ya dakika kadhaa.

Pumzi ya ugonjwa haiendi hivyo. Huja na homa, kikohozi au uchovu, huzidi unapotembea kwenda chooni, na huongezeka kadiri siku zinavyokwenda. Kwa hiyo ukianza kuumwa andika siku ya kwanza ni ipi. Wengi waliozidiwa na Korona walizidiwa mwishoni mwa wiki ya kwanza au ndani ya wiki ya pili, pale walipodhani wameshapona. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, akihema ilhali amekaa tu, akibanwa au kuumwa kifua bila nafuu, akichanganyikiwa au akawa mgumu kuamka, huo si wakati wa kusubiri asubuhi. Midomo kuwa ya buluu au kijivu ni dalili nyingine. Kwa mwenye ngozi nyeusi angalia ulimi, ufizi na chini ya kucha, maana usoni haionekani mapema.

Kama mna kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, futa rangi ya kucha, pasha mkono joto, mkae mtulie kabla ya kusoma. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, 95 kwenda juu ni kawaida. Ikishuka hadi 94 au chini yake piga simu uombe ushauri siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura. Kifaa hicho huweza kusoma juu ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namba ikiwa nzuri huku mtu anahema, mwamini mtu.

Na ukishindwa kutofautisha hofu na ugonjwa, piga simu. Kazi ya kutofautisha ni yetu. Hakuna muuguzi aliyewahi kuchukia kuamshwa na mtu ambaye baadaye ikaonekana ni mzima.

Mgonjwa akiwa ndani ya nyumba

Chumba chake peke yake kama kipo; kama hakipo, kitanda chake karibu na dirisha, na vichwa vyenu visielekeane. Fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Tulipoteza nguvu nyingi tukifuta kila mfuko na kila kopo, kumbe njia kubwa ya Korona ilikuwa hewa ya chumba kimoja. Mgonjwa avae barakoa mtu anapoingia chumbani kwake, na anayeingia avae pia. Mhudumu awe mmoja, asiye mzee wala mwenye maradhi ya kudumu. Mikono ni sabuni na maji kwa sekunde 20, maana sabuni huuvunja utando wa mafuta unaokizunguka kirusi. Pasipo na maji, kitakasa chenye kileo cha angalau asilimia 60. Dawa ya klorini usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, hutoa hewa ya sumu.

Dukani

Nunua vya wiki mbili, basi. Rafu zilizoachwa tupu mwaka 2020 nyingi ziliachwa na watu walionunua vya miezi miwili kwa siku moja, viwanda vikiwa vinaendelea kufanya kazi.

Dawa za siku zote

Mwezi Machi 2020 ulienea uvumi kwamba baadhi ya dawa za presha humwongezea mtu hatari ya Korona, hadi vyama vya madaktari wa moyo vikatoa tamko kwamba watu waendelee nazo. Waliokuwa wameziacha walinipigia presha ikiwa juu, na hao walinitia wasiwasi kuliko wenye kikohozi. Usiache dawa yoyote ya kudumu kwa sababu ya ujumbe wa simu. Vilevile usiogope hospitali kiasi cha kukaa na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, au mdomo uliopinda ghafla, au mjamzito anayetokwa damu. Katika nchi nyingi wagonjwa wa moyo waliofika hospitali walipungua miezi ile, na moyo haukuwa umeacha kuugua. Chanjo za watoto nazo zisikatishwe. Uliza kituo kimepanga siku gani.

Watoto, na anayeishi peke yake

Mtoto mwulize kwanza anajua nini. Utakuta kichwani mwake kuna jambo kubwa kuliko ukweli, kwamba baba akitoka harudi. Mjibu hilo alilouliza, kwa maneno machache ya kweli, kisha mpe kazi: yeye ndiye mlinzi wa sabuni, anahesabu hadi 20 kwa kila anayeingia.

Mzee anayeishi peke yake msimwachie kila mtu amkumbuke anapokumbuka. Gawaneni siku, na simu ipigwe saa ileile. Usimuulize "hujambo?", atakujibu hajambo. Muulize amekula nini leo, amelala vipi, vidonge vimebaki vingapi, na umsikilize anavyopumua akijibu. Mkubaliane mapema na jirani mmoja mwenye namba zenu: simu isipopokelewa, ikarudiwa baada ya nusu saa na bado kimya, jirani avae barakoa akagonge mlango siku hiyohiyo.